Kibwa wa mbegu ndogo kwenye nyumba yenye mbwa mkubwa mchezaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na majirani, ndugu, na watu wanaonisimamisha njiani hapa Arusha wakiniona na mbwa wangu wawili: Labrador wa kilo 34 na Maltese ambaye hata leo, akiwa mzima kabisa, hajafika kilo 4. Wengi wanahofia mbwa mkubwa atamchukia mgeni. Hofu yangu mimi ni nyingine: kwamba atamfurahia kupita kiasi.

## Kabla hujamleta nyumbani

Inawezekana kweli, au najitafutia balaa?

Inawezekana, na nyumba nyingi zinaishi hivyo kwa amani. Mbwa mzima humtambua mtoto wa mbwa kwa harufu, sauti na mwendo, na mara nyingi humvumilia kwa utundu ambao asingeuvumilia kwa mbwa mwenzake mzima.

Shida ya mbwa mchezaji ni kwamba hamwoni kibwa kuwa kitu dhaifu. Anaona amepata wa kucheza naye. Atamrukia, atamkanyaga, atamgonga kwa bega kama anavyomfanyia mbwa wa jirani, wala hana namna ya kujua kwamba mfupa wa mguu wa mbele wa Chihuahua wa miezi miwili ni mwembamba kuliko penseli. Kwa hiyo kazi kubwa utaifanya kwa mbwa uliye naye tayari. Kibwa mwenyewe atakusumbua kidogo tu.

Tofauti ya uzito ina maana gani hasa?

German Shepherd dume aliyekomaa huwa na kilo 30 hadi 40. Rottweiler dume hufika 50 na zaidi, na Boerboel humpita huyo. Chihuahua mzima ana kilo 3 au pungufu, Yorkshire Terrier na Maltese hawako mbali na hapo. Wakiwa na wiki nane, wengi wao hawajafika hata kilo moja. Mbwa mmoja anaweza kuwa na uzito wa mwenzake mara 40. Ni sawa na mtu wa kilo 70 kucheza mieleka na mnyama wa tani karibu 3.

Sehemu za kuziangalia ni nne. Miguu ya mbele huvunjika kirahisi, hata kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Utosi wa Chihuahua wengi huwa haujafunga, ukipapasa juu ya kichwa unasikia pale palipo laini kama kwa mtoto mchanga. Koo la mbegu ndogo ni dhaifu, ndiyo maana kamba hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, siyo shingoni. Na magoti ya nyuma ya mbwa hawa huwa na tabia ya kuteguka.

Kibwa awe na umri gani?

Asiwe chini ya wiki nane. Kwa mama yake na ndugu zake ndiko anakojifunza kuuma kwa kiasi na kusoma lugha ya mbwa wenzake, na kibwa aliyenyakuliwa akiwa na wiki tano huja hajui kusema "basi" wala kuielewa "basi" ya mwenzake. Kwa mbegu ndogo sana mimi napendelea wiki 10 hadi 12, maana wiki hizo mbili tatu za ziada humwongezea nguvu kwelikweli.

Usichelewe mno pia. Kipindi ambacho kibwa huzoea vitu vipya bila woga mwingi ni kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi. Baada ya hapo bado atazoea, ila kwa taabu zaidi.

Chanjo: nani achanjwe kwanza?

Wote wawili, na hapa sina huruma na mtu anayetaka kubana matumizi.

Anza na mbwa mkubwa. Kama chanjo zake zimepitwa na wakati, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki mbili au tatu kabla mgeni hajafika. Yeye ndiye anayetoka getini, anayenusa takataka za mtaani na kurudi na miguu michafu. Kibwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Chanjo hizo humkinga na parvo na distempa, magonjwa mawili yanayoua watoto wa mbwa wengi huku kwetu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida anapofika miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wako.

Watu huniuliza kama wasubiri wiki 16 ndipo wawakutanishe. Hapana. Mbwa wako mzima, mwenye afya na chanjo kamili, hana hatari hiyo. Hatari iko kwenye ardhi wanakopita mbwa usiowajua, kwa sababu virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kama kuna mbwa aliyewahi kufa kwa kuharisha damu kwenye kiwanja chako, mweleze daktari kabla hujamleta kibwa. Sakafu ya saruji unaweza kuisafisha: osha uchafu wote kwanza kwa sabuni, kisha mwaga dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, uiache dakika kumi. Udongo wa bustani hausafishiki hivyo.

Minyoo: kibwa apewe dawa kila wiki mbili mpaka afike wiki 12, na mkubwa apewe siku hizohizo. Kupe na viroboto pia watibiwe kwa wote pamoja, ila dawa ni tofauti. Ya mbwa wa kilo 35 inaweza kumuua wa kilo moja, hata ukimpa "tone dogo tu". Inunuliwe kwa uzito wake.

Mbwa wangu mkubwa anapaswa kujua nini kabla ya siku hiyo?

Mambo manne: kuja akiitwa, kukaa, kuachia kitu kilichoko mdomoni, na kulala kwenye mkeka wake akatulia hata kama kuna jambo la kusisimua mbele yake. La nne ndilo muhimu kuliko yote na ndilo watu hawalifundishi kabisa. Tandika mkeka, akilala juu yake mpe kipande kidogo cha nyama au dagaa mkavu, akiendelea kulala mpe kingine. Ukifanya hivyo dakika tano kila jioni, mwezi ukiisha utakuwa na mbwa anayeukimbilia mkeka mwenyewe.

Kama hajui hata moja kati ya haya manne, ahirisha kumleta kibwa. Mwezi mmoja si muda mrefu.

Vifaa gani ninunue?

Vichache. Kizimba cha kibwa cha kulalia, mkanda wa kifuani, kamba mbili, na kigeti cha kuweka mlangoni. Kigeti hiki fundi seremala atakutengenezea kwa mbao za kawaida, kimo kifike kifuani kwa mtu kama mbwa wako ni mrukaji. Nafasi kati ya mbao zisizidi sentimita 4, kibwa asije akapenyeza kichwa kikakwama.

## Siku ya kwanza

Wakutane wapi?

Isiwe getini, na isiwe sebuleni. Tukio ni lilelile kila mahali: gari linaingia, mbwa anakuja mbio kama kawaida yake, mlango unafunguliwa, kibwa anawekwa chini, watoto wanapiga kelele za furaha. Sekunde kumi baadaye kibwa yuko chini ya tumbo la mnyama asiyemjua, akilia.

Mahali pazuri ni pale ambapo mbwa mkubwa hapahesabu kuwa pake. Ua wa rafiki wenye ukuta, ambamo mbwa wa mitaani hawaingii, unafaa sana. Ukikosa, tumia kona ya kiwanja chako ambayo haina bakuli lake, banda lake wala geti analolilinda.

Nifanye hatua gani, moja baada ya nyingine?

Siku mbili kabla, kama mwenye kibwa yuko karibu, chukua kitambaa alicholalia kibwa umpelekee mbwa wako anuse. Akinusa kwa utulivu mpe zawadi. Halafu chukua kitambaa cha mbwa wako umpelekee kibwa.

Siku yenyewe, mtembeze mbwa mkubwa mwendo mrefu wa taratibu, dakika 40 au zaidi, aruhusiwe kunusa kila anachotaka. Usimchezeshe mpira. Mpira humchosha miguu huku ukimpandisha mori, nawe unamtaka achoke kichwani.

Wawepo watu wazima wawili, kila mmoja na mbwa wake. Mbwa mkubwa afungwe kamba, ila iwe imelegea. Ukiikaza yeye huihisi na kudhani kuna hatari. Anza kwa umbali wa hatua 15 hivi, mkitembea upande mmoja bila kuelekeana. Punguza umbali kadiri mkubwa anavyoweza kumtazama kibwa kisha akageuza macho kwako mwenyewe. Kule kugeuza macho ndiko unakokusubiri. Kila akifanya hivyo msifu na umpe kitu.

Mkikaribiana, mwambie mkubwa alale. Mbwa aliyelala ni mfupi, na kibwa anapata ujasiri wa kumsogelea. Mwache kibwa ndiye aende. Wanusane kwa sekunde tatu, umwite mkubwa pembeni, umpe zawadi, kisha umrudishe. Fanya hivyo mara tano sita, mmalize. Dakika kumi zinatosha, na maliza wakiwa bado wametulia. Usisubiri mpaka kitu kiharibike.

Wakirudi nyumbani, aingie kibwa kwanza na kuwekwa upande wake wa kigeti. Siku tatu nne za mwanzo waonane zaidi kupitia kigeti hicho.

Je, nimbebe kibwa mikononi ili awe salama?

Usimbebe. Najua mikono inakwenda yenyewe. Lakini kibwa aliyebebwa juu, miguu ikining'inia, akilialia, mbele ya mbwa mkubwa ni kama mpira ulioshikwa juu: anaalikwa kuruka. Akiruka na kilo zake 35 unayumba, na kibwa anaanguka kutoka kifuani kwako hadi sakafuni. Mguu huvunjika hapo, na mbwa mkubwa ndiye anayelaumiwa.

Badala yake kaa chini, ukunje magoti, kibwa apite chini yake kama pangoni. Ana mahali pa kujificha, anachungulia akitaka, nawe mikono yako yote miwili iko huru.

Itachukua muda gani mpaka wazoeane?

Wengine siku tatu, wengine miezi mitatu. Mbwa wangu walichukua wiki sita kabla sijaacha kuzishika kamba. Usipange kalenda kwa kuangalia nyumba ya mwenzako.

## Mchezo na mipaka yake

Nitajuaje kama wanacheza au wanagombana?

Mchezo una mwendo wa kurukaruka na kulegea. Mbwa anayecheza huinamisha kifua chini akanyanyua matako juu. Mtafiti Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado aliichunguza ishara hiyo kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba mbwa huitoa hasa kabla au baada ya kufanya jambo linaloweza kueleweka vibaya, kama kuuma huku akitikisa kichwa. Ni kama anasema: hili bado ni mchezo.

Kitu cha pili ni zamu. Mkubwa mwenye busara hujilaza chali, hujifanya ameshindwa, hukimbia ili akimbizwe. Kama mmoja ndiye anakuwa juu kila mara na mwingine yuko chini kila mara, mchezo umekwisha hata kama hakuna aliyelia.

Mtazame kibwa hasa. Kufyata mkia ni ishara inayojulikana na kila mtu. Kuna nyingine ndogo zinazotangulia: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza uso pembeni, kunyanyua mguu mmoja wa mbele, kuganda. Mkufunzi wa mbwa wa Norway, Turid Rugaas, alizieleza ishara za namna hii kwa kirefu, na mtu akishazijua hawezi tena kuacha kuziona. Ukiona mbili tatu mfululizo, wapumzishe.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili. Mshike mkubwa, umtenge kidogo. Kibwa akimfuata tena kwa kurukaruka, alikuwa anafurahia. Akitumia nafasi hiyo kukimbilia chini ya meza, amekujibu.

Anamwekea mguu juu kila wakati. Ni ukali?

Mara nyingi si ukali. Ni mwaliko wa kucheza uliokosa kipimo, hasa kwa Labrador, Boxer na mbwa wa chini ya miaka miwili. Hatari yake ni ileile lakini. Mguu ukinyanyuka, sema neno mlilokubaliana, kwa mfano "taratibu", umwite kwako na umkalishe. Akirudi na kunusa bila kunyanyua mguu, msifu. Akinyanyua tena, apumzike nyuma ya kigeti kwa dakika moja, bila kelele, bila adhabu. Rudia. Rudia tena. Mbwa mchezaji hataki kukosa mchezo, na somo hili hulielewa mapema.

Njia nyingine nzuri ni kumfundisha acheze akiwa amelala. Kibwa atamng'ata sikio na kumpanda mgongoni, naye amelala tu. Ukiwaona hivyo utaelewa kwa nini tunahangaika.

Mbwa mkubwa amemkoromea kibwa. Nimchape?

Usimchape. Kukoroma ni neno, tena la kistaarabu: "sitaki, ondoka." Mbwa anayechapwa kwa kukoroma huacha kukoroma, halafu siku moja anauma bila kutoa taarifa, na watu wanasema amebadilika ghafla.

Tazama kilichotangulia. Kibwa alikuwa anamng'ata mkia akiwa amelala? Alisogelea mfupa? Basi mkubwa alikuwa na haki, na kazi yako ni kumwondoa kibwa. Akikoroma huku mwili umekakamaa na macho hayabanduki kwa kibwa ambaye hajafanya lolote, watenge, kisha usome swali la kukimbizana hapa chini.

Kibwa ndiye mchokozi. Je, nimwache ajifunze mwenyewe?

Kwa mbwa wa ukubwa unaolingana ningesema ndiyo. Kwa hawa, hapana. Somo ambalo mbwa wa kilo 40 angemfundisha mwenziwe kwa kumshika shingo kidogo linaweza kuwa la mwisho kwa mwenye kilo moja. Mwite kibwa, mpe kitu kingine cha kutafuna, mlaze. Vibwa wasumbufu wengi kwa kweli wana usingizi. Wanahitaji kulala saa 18 hivi kwa siku, na nyumba yenye watoto na mbwa mchezaji haiwapi nafasi hiyo.

Uchokozi wa kibwa kidogo huchekesha, kwa hiyo watu huuacha ukakomaa. Mbwa mkubwa naye ana haki ya kupumzika bila kung'atwa miguu. Mpe mahali ambapo kibwa hafiki.

Wakikimbizana, niwaache?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa ukali kuliko yote. Mkubwa asimkimbize kibwa. Kibwa kumkimbiza mkubwa, sawa.

Ndani ya kila mbwa kuna silka ya uwindaji. Kitu kidogo kikikimbia mbele yake na kutoa sauti nyembamba, mchezo unaweza kugeuka uwindaji kwa nukta moja, hata kwa mbwa ambaye hajawahi kumdhuru kiumbe. Mbwa humshika windo na kumtikisa, na kibwa hawezi kupona mtikiso ule. Hatari huongezeka wakiwa mbwa wakubwa wawili au zaidi, na kwa mbegu zenye silka kali ya uwindaji, kama Husky na Greyhound.

Dalili zake ni tofauti na za hasira. Mbwa anakuwa kimya. Shingo inashuka, mwili unanyooka, macho hayapepesi, hatua zinakuwa za kunyata. Ukiona hivyo usingoje uone kitakachofuata. Mwite, mfunge kamba, umtoe. Ikitokea zaidi ya mara moja, nenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho.

## Chakula, usingizi na muda wa peke yao

Wale pamoja?

Kila mmoja na mlango wake umefungwa, kwa miezi ya kwanza yote. Mbwa asiyewahi kugombea chakula maishani anaweza kuanza siku anapoona pua ngeni kwenye bakuli lake. Vyombo viondolewe baada ya kula. Mifupa na ngozi za kutafuna zitolewe wakiwa wametengana.

Kibwa wa mbegu ndogo ale mara nne kwa siku mpaka afike miezi minne hivi, maana akiba ya sukari mwilini mwake ni ndogo. Akikaa na njaa, au akicheza sana bila kula, anaweza kulegea, kutetemeka, kuyumba kama mlevi, hata kupata degedege. Mpake asali kidogo kwenye fizi na umkimbize kwa daktari. Ninalitaja hapa kwa sababu mchezo na mbwa mkubwa humchosha kibwa kuliko unavyodhani. Ugali na dagaa wa mbwa wa ulinzi peke yake haumtoshi kibwa huyu. Anahitaji chakula cha watoto wa mbwa.

Lini nitaweza kuwaacha peke yao?

Baadaye kuliko unavyotaka. Kigezo changu ni hiki: kibwa awe ametimiza angalau miezi minane, wawe wamekaa wiki kadhaa bila wewe kulazimika kuwaamua, na mkubwa awe anatii "acha" hata katikati ya mchezo. Hata hapo anza kwa dakika tano, ukichungulia dirishani.

Kama tofauti yao ya uzito ni zaidi ya mara kumi, mimi ningeendelea kuwatenga kila ninapotoka, maisha yao yote. Kigeti kinafungwa kwa sekunde mbili. Wangu wana miaka minne pamoja, wanalala wamegusana, na bado nikienda sokoni kila mmoja yuko upande wake.

## Hali zisizo za kawaida

Mbwa wangu ni wa ulinzi. Hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Inakuwaje?

Ugumu hapa ni mkubwa zaidi, maana mbwa aliyefungiwa saa 12 hutoka na nguvu za kulipuka. Kabla ya yote mpe maisha ya mchana: matembezi ya asubuhi, mafunzo mafupi, kukaa karibu na watu. Bila hayo, hatua za siku ya kwanza hazitafaa kitu.

Kisha weka sheria ya mlango. Akishafunguliwa usiku, kibwa hatoki nje kwa sababu yoyote, hata kukojoa. Atandikiwe magazeti au boksi la mchanga ndani. Kila mtu aijue sheria hiyo: watoto, dada wa kazi, mlinzi, mgeni aliyekuja kulala. Ajali mbaya zaidi ninazozijua zilitokea kwenye mlango ulioachwa wazi na mtu ambaye hakuna aliyemwambia.

Sisi ni Waislamu na mbwa hawaingii ndani. Tutawakutanishaje?

Waislamu wengi wa mwambao wetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo unyevu wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Yote yaliyoandikwa hapa yanafanyika nje bila tatizo. Zawadi ziwekwe chini badala ya kulishwa mkononi, na weka nguo na viatu vya kazi hiyo. Zile mbinu za kukaa chini na kibwa magotini ziache, tumia uzio.

Kibwa apate banda lake lenye mlango mdogo, sentimita 18 hivi, ambao mkubwa hawezi kupenya, na paa la kumkinga jua na mvua. Nasema kwa moyo mweupe: Maltese na Yorkshire wenye manyoya marefu hawafai kulala nje katika joto la Tanga au Mombasa. Kama mbwa wenu wote lazima wakae nje, chagua mbwa wa wastani mwenye manyoya mafupi. Mbwa koko mtulivu atakufaa kuliko hao.

Nina mbwa wakubwa wawili. Nianze na yupi?

Anza na mtulivu. Yule mchezaji umlete siku nyingine, na kwa wiki za mwanzo kibwa asikutane nao wawili kwa pamoja. Sababu iko kwenye swali la kukimbizana.

Mbwa wangu mkubwa ni jike, na yuko kwenye joto, yaani siku za kutaka dume.

Subiri imalizike, yaani wiki tatu hivi. Na kama ananyonyesha, usimlete kibwa mwingine kabisa.

Wameshikana na kibwa ameumwa. Nifanye nini?

Usiingize mkono kati ya vinywa, na usimvute kibwa kutoka mdomoni kwa mkubwa, maana kuvuta ndiko kunakochana nyama. Mwagia ndoo ya maji kwenye uso wa mkubwa, au mfunike blanketi kichwani, au gonga sufuria kwa kishindo. Watu wawili wakiwepo, mmoja anaweza kumnyanyua mkubwa miguu ya nyuma na kurudi naye kinyumenyume baada ya kuachia.

Kibwa apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama unaona tundu dogo la jino tu. Ngozi ya mbwa huteleza, kwa hiyo nje panaonekana pazima huku ndani misuli imechanika. Fizi nyeupe na kupumua haraka ni dalili za damu kuvuja ndani. Usimpe paracetamol, ibuprofen wala diclofenac ya binadamu. Ni sumu kwake.

Kama nawe umeng'atwa wakati wa kuamua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali uulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Nenda hata kama mbwa ni wako.

Lini nikubali kwamba imeshindikana?

Mkubwa akimwinda kibwa kwa namna iliyoelezwa hapo juu zaidi ya mara moja. Akimshika na kumtikisa hata mara moja. Au kibwa akiacha kula na kukaa amejificha kwa zaidi ya wiki moja licha ya kutengwa. Mwite daktari au mkufunzi mwenye uzoefu aje awaone wakiwa nyumbani kwako. Akikubaliana nawe, mtafutie kibwa nyumba nyingine mapema, akiwa bado na miezi mitatu minne, wakati ambapo anazoea watu wapya kirahisi. Muulize kwanza uliyemchukua kwake, wafugaji wengi waungwana humpokea. Mwendee na kadi yake ya chanjo, kitambaa anacholalia, na chakula chake cha wiki moja, asibadilishiwe nyumba na chakula siku moja.